Kinyozi Hajinyoi: Hata Bosi Anahitaji Kocha

Najua nimepotea kidogo, na wapo walioniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Ni majaribio tu yalipangwa mfululizo, bumu nalo lilikuwa limekata, basi nikawa mtu wa vimbweta na chai ya rangi. Sasa nimerudi, na nimerudi na hoja.

Juzi usiku chumbani kwetu kulizuka ubishi. Rafiki yangu anayesoma biashara alikuwa anapiga msuli wa somo la uongozi, akafika mahali panaposema kwamba makampuni makubwa huwalipia wakurugenzi wao makocha. Si makocha wa mpira wala wa mazoezi ya viungo. Ni mtu anayekutana na bosi kila baada ya wiki kadhaa, wanafunga mlango, wanaongea kuhusu namna anavyoongoza. Alipotusomea tukaangua kicheko. Na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nikasema, yaani mtu ana shahada mbili, ana gari la kampuni na dereva, halafu bado anatafutiwa mwalimu wa tuisheni? Si heri hizo hela wakawaongezee wafagizi mshahara?

Kila mtu akaniunga mkono, taa zikazimwa. Ila mwenzenu sikulala. Nilikuwa nimekumbuka watu wawili niliokutana nao kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana. Nikagundua kwamba nilichokisema hakikuwa cha kweli, na mimi kuliko mtu yeyote mle chumbani nilitakiwa kukijua hilo. Kwa hiyo leo nafuta kauli yangu hadharani. Mnaosoma biashara mtanisamehe nikikosea istilahi, mimi ni mwalimu mtarajiwa, naongea kwa jicho la darasani.

Kwanza, kuhusu ile "tuisheni" niliyoikejeli. Neno kocha tumelitoa kwa Waingereza, nao walilipata kutoka kwenye jina la kijiji kinachoitwa Kocs huko Hungaria, palipokuwa na mafundi waliosifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Gari likaitwa kwa jina la kijiji. Halafu kwenye miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakaanza kulitumia jina hilo kwa utani, wakimwita hivyo mwalimu wa pembeni anayekubeba mpaka unavuka mtihani. Michezo ililichukua baadaye. Kwa hiyo kocha wa kwanza kabisa alikuwa mwalimu wa tuisheni kweli! Nilidhani nakejeli, kumbe nilikuwa natoa historia ya neno.

Haya, sasa nije kwa watu wangu wawili.

Wa kwanza ni mama mmoja, mwalimu wa Kiswahili wa siku nyingi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Wanafunzi walimwita Madam, sisi tuliokuja kwa mazoezi tulimwita Mama. Nilikuwa nimepewa Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 62. Wiki yangu ya pili akaniomba aje akae nyuma. Nikaogopa, maana kabla yake alishakuja msimamizi mmoja kunitathmini, akakaa robo saa, akaandika alama, akaniambia "jitahidi kwenye matumizi ya ubao", akaondoka. Mpaka leo sijui ubao wangu ulikuwa na kosa gani.

Mama alikaa kipindi chote cha dakika 40. Kilipoisha akaniita chini ya mwembe.

"Haya binti yangu, wewe mwenyewe umekionaje kipindi?"

"Kizuri, Mama. Wameshiriki sana."

Hakubisha. Akatoa karatasi. Alikuwa amechora darasa zima, kila dawati kaboksi kadogo, na kila nilipouliza swali aliweka alama kwenye boksi la niliyemwuliza. Niliuliza maswali 17. Kati ya hayo, 14 yalikwenda kwenye safu mbili za mbele. Matatu yalikwenda katikati. Upande wa nyuma, karibu na dirisha, palikuwa peupe kabisa. Wanafunzi kama 20 hivi hawakuulizwa kitu kwa dakika 40 nzima.

Akasema, "Unaona nini?"

Jamani, niliona aibu. Na hakunitukana, hakunipa hata nusu ya ushauri. Alinipa karatasi tu na swali. Nilipomaliza kumweleza ninachokiona akauliza la mwisho: "Kesho utafanya nini?" Nikamwambia nitaanza kuuliza kutokea nyuma, na sitaganda ubaoni, nitatembea mpaka dirishani. Akajibu, "Basi kesho nitakaa palepale."

Kesho yake mada ilikuwa methali. Nikaenda mpaka nyuma, nikamwuliza kijana mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, maana ya kinyozi hajinyoi. Akasimama, akafikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, ni kwa sababu macho yako mbele na kisogo kiko nyuma." Darasa likacheka, ila mimi nilitazamana na Mama. Lile jibu lilikuwa langu.

Huo ndio ukocha, ingawa yeye hakuwahi kuuita hivyo. Mshauri anakuletea jibu. Mlezi anakusimulia yeye alivyopita, ukichagua unafuata. Mkaguzi anakupa alama. Kocha anakuonyesha kile ambacho macho yako hayafiki, anakuuliza unakusudia nini, halafu anarudi kuona kama umefanya. Baadaye nikakuta kwamba kulikuwa na Mwingereza aliyeitwa John Whitmore, zamani dereva wa magari ya mashindano, aliyeandika kitabu mwaka 1992 kilichoeneza mtindo huohuo kwa mabosi wa makampuni: unataka kufika wapi, sasa uko wapi, njia gani zipo, na utafanya nini. Nikacheka peke yangu maktaba. Maswali manne haya mimi nilishaulizwa chini ya mwembe.

Mtu wangu wa pili ni mkuu wa shule hiyohiyo. Hapa naomba mnielewe, simsemi vibaya. Alikuwa mchapakazi kweli. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, hela ya shule hagusi. Lakini walimu walimwogopa kama radi. Kwenye kikao yeye ndiye anafungua, anachangia, anajijibu, anafunga. Akiuliza "kuna mwenye swali?" unasikia feni tu.

Siku moja asubuhi mstarini alimgombeza mwalimu kijana mbele ya wanafunzi wote kwa kuchelewa. Hakujua kwamba mwalimu yule alikuwa ametokea hospitali, mtoto wake alilazwa usiku. Walimu karibu wote tulijua. Yeye peke yake hakujua, na hakuna aliyekwenda kumwambia, si siku ile wala wiki ile. Mwalimu akaomba uhamisho kimyakimya. Alikuwa anafundisha hisabati, na mnajua wenyewe mwalimu wa hisabati anavyopatikana kwa tochi.

Siku ya kuaga nilienda ofisini kwake kusaini fomu zangu. Akasaini, akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Hivi kwa nini walimu wangu hawaniambii kitu?"

Nikamjibu, "Sijui, Mkuu."

Nilikuwa najua. Shule nzima ilikuwa inajua. Lakini fomu zangu zilikuwa mezani kwake, mimi ni binti wa miaka 22, nitaanzia wapi? Nikachukua fomu, nikasema asante Mkuu, shikamoo, nikaondoka. Sentensi ile ya maneno mawili imenikaa rohoni mpaka leo. Yule baba alikuwa anaomba karatasi kama ile ya Mama, ya kumwonyesha viboksi vyake vyeupe, nami nikamnyima.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kadiri mtu anavyopanda cheo, ndivyo wanaoweza kumwambia ukweli wanavyopungua. Ukiwa mwalimu wa mazoezi kila mtu anakurekebisha, hadi mlinzi wa getini. Ukiwa mkuu wa shule wanabaki wawili watatu. Ukiwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni yenye watu elfu, waliokuzunguka wote unawasainia wewe: mshahara, likizo, safari. Watakuambia nini zaidi ya hewala bwana? Na makosa ya mkurugenzi hayaishii kwenye safu moja ya madawati. Yanafika kwa watu ambao hata hajawahi kuwaona. Kwa hiyo yule mwenye uwezo mkubwa wa kuumiza watu ndiye mwenye kioo kidogo kuliko wote. Ukilitazama hivyo, unaona kwamba bosi anamhitaji kocha kuliko hata mimi.

Kuna mtu atasema, mbona bosi anajua kazi yake, nani atamfundisha? Hilo ni kosa la kudhani kocha lazima amzidi mchezaji. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, na rekodi hiyo haijavunjwa. Kocha wake alikuwa Glen Mills. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Mills angemshinda Bolt mbio! Kazi yake ilikuwa kutazama mwili wa Bolt kutoka mahali ambapo Bolt mwenyewe hawezi kusimama. Magazeti yetu ya michezo yana neno zuri, yanasema kocha "anayeinoa" timu. Kisu kikiwa kikali namna gani hakijinoi chenyewe.

Sasa niwape mfano wa mabosi wenyewe, tena wa juu kabisa. Huko Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Bill Campbell. Huyu alikuwa kocha hasa, wa futiboli ya Kimarekani, Chuo Kikuu cha Columbia, kuanzia 1974 hadi 1979. Na wala hakuwa kocha wa kutisha: alishinda mechi 12, akapoteza 41, sare moja. Kwa vipimo vya mashabiki wa Simba na Yanga asingemaliza msimu. Akaacha michezo, akaingia kwenye biashara, akafanya kazi Apple, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya Intuit. Mwishowe akawa mtu wa kuwanoa viongozi wa makampuni ya teknolojia. Steve Jobs alikuwa rafiki yake na walizoea kutembea pamoja wakiongea. Larry Page na wenzake wa Google walipita mikononi mwake.

Mfano unaonigusa ni wa Eric Schmidt. Alijiunga na Google mwaka 2001 kuwa mkurugenzi mtendaji. Alikuwa na shahada ya uzamivu, na alishaongoza kampuni nyingine kubwa. Mwekezaji mmoja, John Doerr, akamwambia atafute kocha, amchukue Campbell. Schmidt mwenyewe amesimulia kwamba hakufurahi. Alijiuliza kwani amekosea nini mpaka aletewe kocha. Mnaona? Alisema kilekile nilichosema mimi chumbani. Baadaye akasema huo ndio ulikuwa ushauri bora aliowahi kupewa, na Campbell alipofariki mwaka 2016, Schmidt na wenzake wawili wakamwandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2019.

Na Campbell alifanya nini cha ajabu? Ukisoma unaona ni vitu vidogo. Vikao vya wakuu vianze kwa kila mtu kusimulia wikiendi yake ilikuwaje au safari yake ilikwendaje, ili watu wajuane kama watu kabla ya kugombana kama idara. (Nikamkumbuka Mkuu wangu na yule mwalimu aliyetoka hospitali. Dakika tano za "habari za nyumbani" zingeokoa mwalimu wa hisabati.) Mwaka 2004, Google ikijiandaa kuuza hisa kwa umma, Schmidt alitakiwa aachie uenyekiti wa bodi huku akibaki mkurugenzi mtendaji. Alikasirika, akafikiria kuondoka. Ni Campbell aliyekaa naye, akamsaidia kutenganisha kiburi chake na kazi yake. Schmidt akabaki, na baadaye akaurudia uenyekiti. Mke asingeweza kumwambia hayo kwa sababu hayuko ofisini. Walio chini yake wasingethubutu. Bodi ndiyo iliyomuudhi. Alibaki kocha tu.

Sasa msije mkasema nimegeuka mpiga debe. Nina mashaka yangu, tena mazito.

La kwanza ni matapeli. Siku hizi mtu akiachishwa kazi Ijumaa, Jumatatu ni kocha wa uongozi, ana suti na picha amekunja mikono. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha. Lipo Shirikisho la Kimataifa la Makocha, lililoanzishwa mwaka 1995, linatoa vyeti kwa kuangalia saa za mafunzo na saa za kazi, lakini hilo ni hiari ya mtu. Kwa hiyo bosi anayetaka kocha aulize maswali kama anayeoza binti.

La pili ni ushahidi. Sisi wa elimu tumefundishwa tusiamini kitu kwa sababu kinasikika vizuri. Kuna watafiti wa Uholanzi mwaka 2014 waliokusanya tafiti mbalimbali za ukocha kazini, wakakuta unasaidia utendaji, unasaidia mtu kuhimili mikikimikiki na kujipangia malengo. Ni matokeo mazuri, ila tafiti nyingi za aina hiyo humwuliza mhusika mwenyewe anajionaje, na mimi nilijiona nimefundisha vizuri kumbe watu 20 wamekaa dirishani. Naamini zaidi tafiti za upande wetu. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walichambua tafiti 60 za ukocha wa walimu. Wakakuta ufundishaji unabadilika sana, matokeo ya wanafunzi nayo yanapanda ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, na kwamba mpango ukishakuwa mkubwa wa watu wengi, nguvu yake inapungua. Hilo la mwisho ni la kuandika ukutani. Ukocha haufanywi kwa jumla kama semina. Ni mtu na mtu.

La tatu ndilo linaloniuma: kocha anamtumikia nani? Huyohuyo Campbell niliyemsifia, aliyekuwa kwenye bodi ya Apple huku akiwanoa watu wa Google, alitajwa kwenye barua pepe zilizofichuliwa mahakamani kuhusu makubaliano ya siri ya makampuni kutonyang'anyana wafanyakazi. Maana yake mhandisi wa kampuni moja hawezi kutafutwa na kampuni nyingine kwa mshahara mnono. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliyabana makampuni hayo, na kesi ya wafanyakazi ilimalizika mwaka 2015 kwa Apple, Google, Intel na Adobe kulipa dola milioni 415. Kwa hiyo kocha anaweza kumfanya bosi awe mtu mwema kwa wakurugenzi wenzake, huku watu wa chini wakiendelea kuumia. Karatasi ya Mama ilikuwa na maana kwa sababu ilionyesha wanafunzi wa dirishani. Kocha asiyemwonyesha bosi watu wake wa dirishani anamchana nywele tu, hamnyoi.

Na la nne, ukocha si dawa ya kila ugonjwa. Bosi mwizi hahitaji kocha, anahitaji TAKUKURU.

Pamoja na hayo yote, nimebadili msimamo. Maana nikiyapima, mashaka yangu yote yanahusu kocha mbaya. Hakuna hata moja linalosema bosi anaweza kujiona kisogo.

Na tusidhani hili ni jambo la wazungu. Pwani yetu bibi harusi hapelekwi peke yake, anapewa kungwi, somo yake. Kungwi anamwambia yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema na rafiki anaogopa. Na ya ndani hayatoki nje. Wahenga waliona kwamba mtu anapoingia kwenye cheo kipya, hata cha ndoa, anahitaji mtu wa pembeni asiyemwogopa na asiyetaka kitu kwake. Harusi tunampa kungwi, ukurugenzi tunampa barua ya uteuzi na funguo za ofisi!

Turudi kwenye shule, maana ndiko tunakokwenda wengi wetu. Mkuu wa shule ni mkurugenzi mtendaji kabisa: ana watumishi, ana fedha, ana mamia ya watoto. Na mara nyingi amepatikanaje? Alikuwa mwalimu mzuri darasani, akapandishwa. Kufundisha vizuri na kuongoza walimu 40 ni kazi mbili tofauti. Tunao ADEM kule Bagamoyo wanaowafundisha viongozi wa elimu. Tunayo Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa mwaka 2010, kwa viongozi wa ngazi za juu. Ni mambo mazuri. Lakini miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers walishaonyesha kwamba mwalimu akipewa semina peke yake, kingi cha alichojifunza hakifiki darasani mpaka apate mtu wa kumfuata kazini na kumnoa. Sidhani kama wakuu wa shule wameumbwa tofauti na walimu.

Kwa hiyo pendekezo langu si la mamilioni. Tuna wakuu wa shule wastaafu, watu wenye busara, wanashinda na redio kibarazani. Kila mkuu mpya apewe mmoja, aje mara moja kwa mwezi, akae nyuma kwenye kikao cha walimu na kalamu yake, ahesabu nani ameongea na nani hakuongea. Halafu wakae chini ya mwembe. Sharti liwe moja: asipeleke taarifa kwa afisa elimu wala kwa mthibiti ubora. Hao wana kazi yao ya kupima, nayo ni halali. Lakini mtu hawezi kukuvulia kofia uone kipara chake kama anajua kesho utakiandikia ripoti.

Na sisi wanafunzi tusijitoe. Wawakilishi wa madarasa, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wanakwaya, makapteni wa timu, tayari ni mabosi wadogo. Tafuta mtu mmoja asiyekuogopa, mwambie akae nyuma siku moja, mwulize "umeona nini?" halafu, hapa ndipo pagumu, nyamaza usijitetee.

Mimi nimeanza. Juzi niliongoza majadiliano ya kundi letu, nikamwomba yuleyule rafiki yangu wa biashara ahesabu. Tulikuwa watu saba, saa moja. Akaniambia nimeongea karibu nusu ya muda wote, na nimemkata dada mmoja kauli mara nne. Nilitaka kubisha. Nikakumbuka mwembe, nikanyamaza.

Kuhusu Mkuu wangu, nimefikiria kumwandikia barua. Nimeianza mara mbili, nimeichana mara mbili. Si kazi ya binti wa mazoezi kumwambia mzee yale, na nadhani ndiyo maana kazi hiyo inatakiwa iwe na mwenyewe. Lakini nikipata nafasi ya kumsalimia tena na akaniuliza swali lile, safari hii sitasema sijui. Nitamwambia, "Mkuu, shikamoo. Naomba nikuchoree kikao chako."

Naomba kutoa hoja. Wanaopinga karibuni tubishane, ila msinikate kauli.